Wamemposa Zena Nikiwa Natwanga

Jumatano, mwezi wa Shaabani. Adhuhuri imepita.

Mawingu yamekaa juu ya kilima tangu asubuhi kama mgeni aliyekataa chakula lakini haondoki. Hakuna mvua, hakuna jua. Watoto wote tisa wamelala kwenye jamvi, na kule bondeni mtambo wa Wazungu unasaga mawe ya dhahabu, du, du, du, kama siku zote. Watu hulalamika kwamba mshindo ule unaua masikio. Mimi nauombea dua. Ukisimama tu, watoto wanaamka wote kwa pamoja na kulia, maana wamezaliwa nao na hawajui dunia iliyonyamaza.

Nina hasira.

Nilianza kuandika kwamba nina huzuni, nikafuta. Daftari hili bado sijalifundisha uongo.

Daftari lenyewe mume wangu alilinunua aandikie vipimo. Ni fundi cherehani, anashonea barazani kwa Mhindi mwenye duka, na kurasa za mbele zimejaa viuno vya makarani na urefu wa miguu yao. Kurasa za nyuma ni zangu. Hazifungui, kwa sababu anaamini naandika mtoto gani kaletwa na kuni na yupi kaletwa na michembe ya viazi. Mwanzoni ilikuwa kweli. Herufi za Kiarabu nilizipata kwa marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Hakunifundisha. Nilikuwa nafagia nyuma ya wavulana wakisoma, na fagio langu lilikuwa la polepole sana. Hizi za Kizungu nimejifunza kwenye masanduku ya sabuni na karatasi za majani ya chai, na ndiyo sababu mwandiko wangu unafanana na sanduku.

Kazi yangu haina jina. Nakaa na watoto wa watu. Mama zao wanatoka alfajiri, huyu kuchota maji ya kambi ya wachimbaji, huyu kutwanga, huyu kuuza uji na vitumbua langoni kwa machimbo, na hapa mtoto haachwi peke yake. Mashimo yako kila mahali. Mengine yaliachwa wazi na watu waliotafuta dhahabu wakaikosa, wakahama na hasira zao, wakatuachia tundu. Kwa hiyo wananiletea. Kila mtoto anayetembea namfunga njuga mguuni, kila mmoja kwa hesabu yake, nimsikie hata nikiwa nimempa mgongo. Doto ana njuga moja, Kulwa mbili, Idi tatu. Zena wangu hana. Huyo anasikika bila njuga. Siku ya kwanza mama yake Kulwa na Doto alipoona, aliweka debe lake chini ili acheke vizuri. "Mayu," aliniambia, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "watoto wangu nimekuletea uwatunze, wewe umewaingiza kwenye ngoma."

Nimezunguka mno. Nazunguka kwa sababu sitaki kufika penyewe, na karatasi ni chache.

Jana alasiri mume wangu alirudi mapema, tena amenyoa. Mwanamume akinyoa siku ya Jumanne mkewe na aulize. Sikuuliza, nilikuwa natwanga mpunga. Akasimama mbele ya kinu, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye habari.

"Mama Zena, leo nimepata neno la heri."

"La nani?"

"La Zena. Seif amemposa kwa ajili ya mwanawe Idi. Nimekubali. Ijumaa baada ya sala tunasoma Fatiha."

Nikapiga mchi mara tatu nne hivi.

"Zena gani?"

Akadhani nafanya mzaha, akacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Zena mmoja ninayemjua mimi ana miaka mitatu na nusu, na wakati ule alikuwa amejivika kibuyu kilichopasuka kichwani, anamlisha kuku mchanga kwa kijiko na kumgombeza kwamba hali vizuri. Huyo ndiye aliyeposwa. Mchumba wake alikuwa chini ya jamvi, amejificha, miguu yote miwili nje.

Seif ni rafiki wa mume wangu. Ananunua ngozi na samli kwa Wasukuma, ana punda wanne, na sura yake si mbaya. Wanasali bega kwa bega na kunywa kahawa goti kwa goti. Mume wangu alinieleza kwa utaratibu, kama anayempima mtu mkaidi suruali. Sisi tu watu wa ugenini hapa, alisema, hatuna mjomba wala shangazi, na mtu hawezi kuishi kwa urafiki wa kahawa peke yake. Sasa yeye na Seif watakuwa ndugu kweli. Na harusi yenyewe iko mbali, watoto watakua kwanza. "Ni maneno tu," akasema.

Maneno tu.

Dada yangu aliposwa kabla hajang'oka meno ya utotoni. Ni maneno tu, walisema. Alipokuwa mtu mzima, yule bwana alikuwa ameshakuwa mlevi anayejulikana hadi Tabora, lakini Fatiha ilikuwa imesomwa, na wazee wakaona ni aibu kuvunja neno kuliko kuvunja mtu. Alirudi nyumbani mara sita, na mara sita akarudishwa. Mara ya saba tuliletewa, amefunikwa. Basi mtu asiniambie mimi kuhusu maneno tu.

Lakini hata kama Idi atakua awe malaika, haiwezekani. Sababu naijua mimi.

Nilimnyonyesha Idi.

Sikumnyonyesha siku moja kwa kumtuliza. Aliletwa kwangu wa miezi minne, Zena naye akiwa na mitano. Mama yake alikuwa amerudi kwenye vitumbua. Aliniachia kikombe cha maji ya wali na kijiko, akanishika mkono, akasema, "Mama Zena, tafadhali, chakula chake ni hiki tu. Ziwa ni langu, nitakuja adhuhuri." Nilijua kwa nini anasema vile. Mama yake Seif alikuwa amekuja kwa uzazi, akakaa siku arobaini akihesabu kila kilio cha mjukuu, akiuliza hewani, bila kumtazama mtu, kama mwanamke mwenye kifua kikavu anafaa kuwa peke yake nyumbani au aongezewe mwenzake. Mama Idi alikuwa ameapa kwamba mtoto yule atakua kwa maziwa yake mwenyewe au asikue.

Adhuhuri hakuja. Vitumbua vilikuwa havijaisha. Maji ya wali mtoto aliyatema kwenye kanga yangu. Akalia mpaka sauti ikamwishia, akawa analia mdomo wazi bila sauti. Aliyewahi kuona kilio cha namna ile hana haja ya maelezo yangu, na ambaye hajakiona anyamaze kwanza. Zena alikuwa kwenye titi la kulia, ameshiba, anacheza nalo tu. La kushoto lilikuwa linamwaga lenyewe kwa kusikia kile kilio.

Nikampa. Akalishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshinda kesi kwa Bwana Shauri wa wilaya.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa, mpaka alipoanza kutembea. Mtoto akanenepa. "Unaona," mama yake alikuwa akiniambia, "maji yangu ya wali." Bibi yake alipokuja tena, akamkuta mjukuu ana mashavu kama maandazi, akaufungasha ulimi wake akarudi nao Tabora. Sifa ile nilimwachia Mama Idi yote. Maji ya wali nilikuwa nawapa kuku. Nao walinenepa.

Nilidhani nafanya wema. Nadhani nilifanya wema. Lakini wema uliofichwa ni kama nyama iliyofichwa, siku itafika utaunusa.

Kwa sababu naijua sheria. Baba aliwasomea wavulana, nami nafagia pale pale: mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano za kushiba, kabla hajatimiza miaka miwili, ni mwana wa mwanamke yule. Watoto wa mwanamke yule ni ndugu zake, hawaoani mpaka kiama. Mara tano. Idi alizimaliza siku ya pili kabla ya alasiri.

Wanaume wawili wamekaa kwenye kahawa, wamempa kaka dada yake, na wamepeana mikono.

Nami jana sikusema. Hapo ndipo hasira yangu inaponigeukia mwenyewe. Nilikuwa na mchi mkononi na ukweli mdomoni, nikaendelea kutwanga. Nikisema, namvua Mama Idi nguo mbele ya mumewe, na yule mama mkwe atapanda garimoshi la kwanza. Na wanawake wengine watajiuliza mimi huwafanyia nini watoto wao wakishageuka njia. Kazi hii imesimama juu ya kuaminiwa, haina nguzo nyingine. Nikinyamaza, basi siku moja nitapika pilau ya harusi ya wanangu wawili, na Mungu anaitazama sufuria.

Usiku nilijiambia nitafute njia ya katikati. Asubuhi Mama Idi akaifunga.

Kwa kawaida hunijulia hali kwanza, kisha ananikabidhi mtoto. Leo alianza kupaza sauti tangu njiani, majirani wote wasikie: "Mkwe wangu yuko wapi? Nimekuja kumwona mkwe wangu." Zena alikuwa kwenye tope hadi magotini. Mama Idi akasimama, kikapu kichwani, mkono kiunoni.

"Mama Zena, mkwe wangu asichezee tope. Na nywele zake zisukwe, amekaa kama mtoto asiye na mwenyewe. Na tena asilale na hawa wa Kisukuma, watamharibia maneno."

Mama yake Kulwa na Doto alikuwa pale pale, anawashusha pacha wake mmoja mmoja. Hakukasirika. Yeye hakasiriki upesi, hukaa kwanza akalionja neno.

"Mayu," akasema, "tope ni la wote."

"Mimi nasema na mwenye mtoto."

"Mwenye mtoto ni yupi sasa? Nimesikia umemchukua."

Akabeba debe lake akaenda zake. Mama Idi akanigeukia mimi, akinitazama usoni, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama anayengoja kitu. Nikatabasamu. Tabasamu langu la namna ile mume wangu analijua, huwa anakimbilia kazini bila kunywa chai. Mama Idi yeye hakukimbia. Alingoja, kisha akafyonza meno, akaondoka.

Nimeshinda na tabasamu lile usoni hadi mashavu yananiuma. Nimewapa uji, nimewafuta makamasi, nimemtoa Nkwimba punje ya mahindi puani, na kila nilipomwona Zena amemshika Idi mkono, nilitaka kuvunja chungu. Wanapendana kweli. Wanagombana, wanaumana, wanagawana kiazi na kudai kila mmoja kwamba mwenzake kapata kikubwa. Yeyote mwenye macho angeona ni ndugu. Lakini nani ana macho hapa? Baba zao wana kahawa.

Mtambo umesimama. Wameamka.

*

Alasiri imepita, magharibi bado.

Nimesema.

Nilikuwa sijapanga kusema leo. Mama Idi alikuja kumchukua mwanawe, kikapu kitupu, miguu imejaa vumbi jekundu la barabara ya machimbo, na nikaona hana tena ile sauti ya asubuhi. Watoto wengine walikuwa wameshachukuliwa. Nikamwita jikoni. Akaja, akakaa juu ya kinu, jambo ambalo mama yangu angemtolea fimbo, mimi nikamwacha.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa kifupi, kwa sababu nilijua nikirefusha nitaanza kujitetea. Nikasema: Idi ni mwanangu wa kunyonya. Alinyonya kwangu kila siku tangu miezi minne. Hawezi kumwoa Zena.

Hakushtuka. Hapo ndipo mimi niliposhtuka.

"Unadhani sikujua?" akasema. "Alikuwa anarudi anabeua maziwa. Maji ya wali hayabeuliwi hivyo, Mama Zena. Nikimpa langu anageuza uso, ameshiba. Siku ya kwanza nililia. Halafu nikashukuru. Halafu nikakuchukia."

"Mpaka leo?"

"Leo zaidi. Nimekungoja tangu jana useme. Nimekupigia kelele mbele ya watu, nimekwambia nywele za mwanao mbaya, nimetukana mpaka wasiohusika. Nikadhani huyu mwanamke sasa atapasuka. Wewe unanichekea."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema yeye kwa mumewe. Akanitazama kama ninavyowatazama watoto wanaponiuliza maji yanatoka wapi.

"Nani aliniuliza? Nilikuwa nageuza vitumbua. Amekuja nyuma yangu akasema, nimemposea Idi mchumba. Kama anavyosema nimenunua punda. Na nikimwambia sababu, nimemwambia na lile jingine, kwamba mama yake alisema kweli juu ya kifua changu."

Kwa hiyo tumekaa miaka mitatu, wanawake wawili, kila mmoja ameikalia siri ile ile upande wake, tunapokezana mtoto asubuhi na jioni na kuulizana habari za nyumbani. Ningecheka kama si hasira. Nilimkasirikia hata yeye, nami nimo humo humo. Nilikasirika kwamba alijua na akaniacha nijifiche. Nilikasirika kwamba matusi ya asubuhi yalikuwa ya kunichokoza tu, maana nilikuwa nimeshayapenda, yalikuwa yananisaidia kumchukia.

Akasimama, akamfunga Idi mgongoni ingawa mtoto ni mkubwa wa kutembea.

"Sema wewe," akasema. "Kwa mumeo. Seif akiniuliza, nitanyamaza. Ataelewa."

Na mimi tena. Siku zote ni mimi wa kubeba, yeye wa kunyamaza. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ulijibebesha mwenyewe, mwenzangu," akatoka.

Mume wangu alipoingia sikumngoja akae. Nilimwambia akiwa bado na pini za kushonea mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kola ya kanzu, kwa utulivu ambao niliujua haujengi nyumba.

"Mara ngapi?" akauliza.

Mtoto wa mwalimu ni mimi, lakini hata yeye anaijua hesabu ile. Alikuwa anatafuta nne. Nilimwona usoni anavyozitafuta.

"Baba Zena, tano ziliisha siku ya pili. Nyingine zote ni nyongeza."

"Miaka mitatu umenificha!"

"Hukuniuliza. Kila jioni uliniuliza kuna chakula gani."

Akazunguka chumba. Chumba chetu hakizungukiki mara mbili bila mtu kukanyaga mtoto, akamkanyaga Bakari, mdogo wake Zena, kidole, Bakari akalia, nikamchukua nikampa ziwa. Akasimama anatutazama, mimi na mtoto, kama aliyeona jambo lile kwa mara ya kwanza na kuona lina makali.

Halafu akashusha sauti. Hii ndiyo itakayonichukua muda kumsamehe.

"Nani anajua?"

"Unasema?"

"Nauliza, nani anajua zaidi yako? Nimetoa neno langu, Mama Zena. Mbele ya watu. Kama hakuna ajuaye..."

"Mungu anajua. Mimi najua. Mama Idi anajua. Na sasa wewe. Msikiti wetu siku ya mvua hauna watu wengi kuliko hao."

Nikamwambia lile ambalo sikuwa nimelipanga, likatoka lenyewe. Nikamwambia, ulinieleza kwamba unataka undugu na Seif. Unao. Una mtoto naye. Idi ni mwanao wewe wa kunyonya, kwa sheria ile ile, kwa sababu maziwa haya yalikuja kwa mtoto wako. Umekuwa baba yake miaka mitatu na hujamnunulia hata kofia. Nenda kamwambie rafiki yako. Usipokwenda kabla ya magharibi, Ijumaa nitakuja mimi, nitasimama mlangoni mwa msikiti na watoto wote tisa, nami sitanong'ona.

Alijua ningekuja. Tatizo la kuishi na mtu muda mrefu ni kwamba vitisho vyake unavijua ni vya kweli vipi.

Akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena, akatoka. Nimebaki na hawa wawili na daftari. Zena ananiuliza kwa nini baba amesahau viatu.

*

Baada ya magharibi. Mvua imeanza, nyepesi.

Amerudi na matope hadi kwenye vifundo, na hakuuliza chakula. Alikaa mkekani na kunieleza, na kwa mara ya kwanza tangu jana alieleza kama mtu anayesimulia jambo lililomtokea, si kama mtu anayenipima.

Seif alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwita mkewe, akamwuliza pale pale mbele ya mume wangu, kama ni kweli. Nikamwambia Baba Zena ninajua alivyojibu, alinyamaza.

"Hakunyamaza," akasema.

Mama Idi alikuwa na mwiko wa unga mkononi. Akasema: "Kweli. Mimi nilikuwa mkavu, yeye akamnyonyesha. Ungependa ningemzika?"

Basi. Hakusema zaidi, akarudi jikoni. Mume wangu anasema Seif alikaa akitazama mlango ule aliotokea mkewe, mpaka kahawa ikapoa kikombeni. Uchumba hauko tena, hilo hata yeye alikubali, dini haina mlango wa nyuma kwa jambo kama lile. Ijumaa watasali na kila mtu atarudi kwake. Lakini alipomsindikiza mume wangu nje alisema kwamba kuanzia kesho mtoto wake asiletwe tena nyumbani kwetu. Hakueleza kwa nini. Mume wangu naye hakuuliza, akaja hivyo hivyo mvuani.

Anasema Seif atapoa. Labda. Wanaume hawa wawili watapoa, watakunywa kahawa, watapata jambo jingine la kutukubalia tukiwa tunatwanga. Mimi sijapoa. Nilitaka uchumba uondoke, umeondoka, na mtoto ameondoka nao. Nimeuliza nani atamtazama kesho. Mume wangu hajui. Mama yake atakuwa naye langoni kwa machimbo, kando ya mafuta yanayochemka, na mashimo hatua ishirini nyuma yake. Hayo ndiyo maarifa ya baba aliyeudhika.

Na Mama Idi. Nimejaribu kuendelea kumkasirikia jioni hii nikashindwa, hilo nalo linaniudhi. Alisema neno ambalo alikuwa tayari mwanawe amwoe dada yake, mradi tu asilitamke. Kesho nitampelekea ujumbe kupitia kwa mama yake Kulwa na Doto. Sijui nitasema nini. Labda nimwambie tu kwamba alasiri huwa sina watoto wengi, na jiko langu lina nafasi.

Nageuza ukurasa. Sitaki tena siri zinazobeuliwa. Kuanzia sasa kila atakayenyonya kwangu nitamwandika, na mama yake nitamwambia usoni siku ile ile, akitaka kumchukua mtoto wake amchukue. Nitakuwa nimesema. Kesho nitafungua mlango alfajiri kama siku zote, nione wangapi wataletwa baada ya habari hii kutembea, nayo itatembea, kijiji hiki kina miguu.

Walionyonya kwangu mpaka leo:

Idi wa Seif. Titi la kushoto, tangu miezi minne hadi alipotembea.

Doto. Si Kulwa. Kulwa alikuwa akiyamaliza ya mama yao yote, Doto anabaki analamba kidole. Mama yao sijamwambia. Nitamwambia kesho akishusha debe.

Nkwimba, mwezi huu mzima, pamoja na Bakari. Mama yake aliniomba mwenyewe, mbele ya watu, bila haya. Mungu amzidishie.

Doto na Nkwimba baba zao hawasali, na sheria niliyoisikia nikifagia haiwahusu. Nimewaandika hivyo hivyo. Mtoto akilia sijawahi kumwuliza babake anasali wapi.

Nimemweleza Zena kwamba Idi ni kaka yake. Akasema anajua. Nikamwambia kesho hatakuja. Akauliza nani amekataza, nikamwambia baba yake Idi. Akafikiri, akauliza kama baba yake Idi anaweza kukataza asiwe kaka.

Hawezi. Nimemwambia hivyo, na nimeliandika hapa kwa mwandiko wa sanduku, herufi kubwa, lisomeke hata na mtu mwenye hasira: HAWEZI.